Kabla hujakodi akili unde, sikia ya chipu ya dola 25

Januari 2025, wiki moja kabla Joe Biden afungashe virago Washington, serikali yake ilitoa kanuni iliyogawa dunia katika makundi matatu. Kundi la kwanza, nchi 18 marafiki wa karibu wa Marekani, zingenunua chipu za akili unde, ile AI, bila kusumbuliwa. Kundi la mwisho, akina Uchina na Urusi, zingefungiwa mlango. Katikati wakaachwa wengine wote, kila nchi na kipimo chake cha chipu ingeruhusiwa kununua. Kenya ilikuwa huko katikati. Hakuna hata nchi moja ya Afrika iliyofika kundi la kwanza.

Mei mwaka huo huo serikali ya Donald Trump iliifuta kanuni hiyo kabla haijaanza kufanya kazi, na wengi wetu hatukuwahi hata kusikia kwamba ilikuwepo. Sawa, tuna shida zingine. Lakini mimi ilinikaa kichwani kwa sababu ya swali lililokuwa chini yake: kompyuta ni ya nani?

Kwa miaka 50 tumezoea mwelekeo mmoja. Kompyuta inashuka bei na inakusogelea. Ilitoka jengo kubwa la serikali ikaingia ofisini, ikatoka ofisini ikakaa juu ya meza ya sebuleni, kutoka hapo ikaingia mfukoni mwa bodaboda. AI imegeuza gari. Mashine inayofikiri iko mbali, kwenye jengo ambalo hutawahi kuingia, na wewe unalipia kwa mwezi au kwa kila swali. Haiwezi kukaa kwako kwa sababu huwezi kuinunua. Unaikodi.

Hiyo hali si mpya, msee. Ndiyo hali kompyuta ilikuwa miaka ya 1960. Na njia ambayo watu walitumia kutoka kwenye ukodishaji ule si ile unayosimuliwa na ma-motivational speaker wa TikTok, kwa hivyo tuikague vizuri.

Mwaka 1965 kampuni iliyotaka kompyuta haikuwa inanunua sana. IBM, baba yao wote wakati huo, ilikodisha mashine zake nyingi kwa mwezi, na wakodishaji walikuwa benki, jeshi, kampuni za bima na vyuo vikuu. Mashine iliyosifiwa kwa kuwa ndogo na rahisi, PDP-8 ya kampuni ya DEC, iliuzwa takriban dola 18,000, na watu wakaona hiyo ni bei ya kutupa. Kama huna pesa hizo, ulipata nafasi kwa kugawana muda: unakaa mbele ya teletaipu, yaani taipureta iliyounganishwa na laini ya simu, unatuma kazi yako kwa kompyuta iliyo mji mwingine, inakujibu kwa kuchapa kwenye karatasi, na unalipishwa kwa dakika. Weka skrini nzuri mahali pa karatasi na una ChatGPT.

Mlango wa kutokea ulifunguliwa na watu ambao hawakuwa wakitafuta mlango. Mwaka 1969 kampuni ya Kijapani ya vikokotoo, Busicom, ilienda kwa Intel ikitaka kutengenezewa seti ya chipu, kila moja na kazi yake maalum ndani ya kikokotoo. Intel ilikuwa kampuni ya mwaka mmoja tu, haina watu wa kutosha. Mhandisi Ted Hoff akaangalia michoro na kuona kazi imezidi. Akapendekeza njia fupi: tengeneza chipu moja inayoweza kuagizwa kufanya chochote, halafu hesabu za kikokotoo ziwe ni programu tu. Stanley Mazor alimsaidia kulipanga wazo, Masatoshi Shima alitoka upande wa Busicom, na Federico Faggin, Mwitaliano, ndiye aliyekesha akilihamisha kutoka karatasi hadi silikoni. Ikatoka Intel 4004, ikatangazwa Novemba 1971, na transista 2,300 ndani. Chipu ya iPhone 15 Pro ina bilioni 19.

Haki ya kuiuza ilikuwa imefungwa kwa Busicom, maana wao ndio walioagiza. Lakini biashara ya vikokotoo ikawa mbaya na Busicom wakarudi kuomba wapunguziwe bei. Intel ikakubali, ikawarudishia dola 60,000, na yenyewe ikapata ruhusa ya kumuuzia chipu mtu yeyote mwingine mradi asiitie kwenye kikokotoo. Kuna nyumba za vyumba viwili Kilimani zinazouzwa zaidi ya hapo.

Kuwa na chipu bado si kuwa na kompyuta, na bei ilikuwa bado juu. Intel 8080, ya mwaka 1974, ndiyo ya kwanza iliyokuwa na nguvu ya kuendesha mashine unayoweza kuiita kompyuta bila aibu. Moja iliuzwa dola 360. Hapo ndipo anaingia mtu aliyefilisika.

Vita vya bei ya vikokotoo ndivyo vilivyozaa kompyuta ya nyumbani, na hii sehemu hurukwa sana. Texas Instruments ilikuwa ikiwauzia chipu kampuni ndogo ndogo zilizounda vikokotoo. Wateja wakafanya vizuri, sokoni kukawa na pesa, Texas Instruments wakasema, kwani sisi tunangoja nini? Wakaanza kuuza vikokotoo vyao wenyewe. Kwa sababu chipu ilikuwa yao, waliweza kuuza kwa bei ambayo mteja wao wa jana hangeweza kuifikia bila kupata hasara. Kampuni zikaanguka kama maembe. Moja ya zilizobaki zikihema ilikuwa MITS, ya Albuquerque, jimbo la New Mexico, ikiongozwa na Ed Roberts aliyewahi kuwa jeshi la angani. Nyingine ilikuwa Commodore. Mshike huyo Commodore, tutarudi kwake.

Roberts akiwa na madeni shingoni alienda kwa Intel na kubembeleza: nikinunua kwa wingi mtaniuzia ngapi? Akaipata 8080 kwa dola 75. Akaunda sanduku, akaliita Altair 8800, na likatokea kwenye jalada la jarida la Popular Electronics la Januari 1975. Bei ya kujiundia mwenyewe: dola 397. Yaani kompyuta nzima kwa bei iliyokaribia ya chipu moja dukani.

Na usifikirie ilikuwa kitu cha maana. Haikuwa na kibodi wala skrini. Mbele ilikuwa na swichi na taa. Unaingiza programu kwa kupandisha na kushusha swichi, moja baada ya nyingine, na jibu linatokea kama taa zinazowaka. Memori yake ilikuwa baiti 256, haitoshi SMS mbili. Roberts alitarajia kuuza mia kadhaa. Zikaja oda maelfu, watu wakituma hundi kwa posta kwa kampuni wasiyoijua, kisha wakisubiri miezi. Walitaka nini hasa na sanduku la taa? Walitaka iwe yao. Wengi walikuwa wahandisi na wanafunzi waliochoka kuomba muda kwenye mashine ya bosi au ya chuo.

Ni hapa Bill Gates huingia, na ni lazima nisimame kidogo. Kila mara mtu akisikia kwamba sikumaliza chuo, ananipa moyo kwa jina la Gates. Asante, lakini hebu tuseme ukweli wote. Gates aliacha Harvard akiwa tayari ana mteja, MITS, aliyehitaji lugha ya BASIC ya kuendeshea Altair. Yeye na Paul Allen waliiandika bila kuwa na Altair, wakitumia kompyuta kubwa ya Harvard kuiigiza. Na alijuaje kuprogramu? Shule yake ya Seattle, Lakeside, ilikuwa na teletaipu mwaka 1968, akiwa na miaka 13. Pesa zilitoka kwa chama cha akina mama wa shule, waliouza vitu vya mitumba kuchangisha. Mita ikasonga haraka na pesa zikaisha, ndipo vijana wakapata muda wa bure kwenye kampuni moja ya kompyuta kwa kuitafutia makosa ya programu. Ukiacha chuo baada ya miaka sita ya kukaa na kompyuta ambayo watu wazima wengi Marekani hawajawahi kuiona, hiyo si kuacha shule. Hiyo ni kumaliza mapema. Sisi wengine tuliacha kwa sababu ya karo.

Turudi kwa bei, kwa sababu dola 397 ya Altair ilikuwa mwanzo tu, na ukitaka ikufanyie kitu cha kueleweka ulinunua memori, kibodi na takataka zingine hadi gharama ikapanda mara kadhaa.

Mtu aliyevunja bei anaitwa Chuck Peddle, na kama kuna mtu wa historia hii anayestahili barabara ni yeye. Alikuwa Motorola, akizunguka kuonyesha wateja chipu yao mpya, 6800. Kila mahali jibu lilikuwa moja: nzuri, lakini dola 300 siwezi kuitia kwenye mashine ya duka au mita ya taksi. Peddle akarudi kwa wakubwa na wazo la chipu ya bei ya chini. Wakubwa wakamwambia aache. Ni kawaida ya kampuni inayouza ghali, haitaki mtu wa ndani ailetee bei rahisi. Mwaka 1974 Peddle na wenzake, akiwemo Bill Mensch, wakahama hadi kampuni ndogo ya Pennsylvania, MOS Technology.

Ili uelewe walichofanya, chukua chapati moja kubwa yenye madoa matano yaliyoungua. Ukiikata vipande vinne vikubwa, karibu kila kipande kitakuwa na doa. Ukiikata vipande arobaini vidogo, unatupa vitano na kubaki na thelathini na tano. Chipu hutengenezwa hivyo hivyo: zinachorwa nyingi juu ya kisahani kimoja cha silikoni, na kila doa linaua chipu iliyo juu yake. Timu ya Peddle ilipunguza chipu hadi ikabaki na kile tu mteja anahitaji, ikawa ndogo. Kisha MOS walikuwa na ujuzi wa kurekebisha makosa kwenye vielelezo vya kuchapia, vile ambavyo wengine walikuwa wakiviacha na makosa yake, kwa hivyo madoa yenyewe yakawa machache. Gharama ikaanguka.

Septemba 1975, kwenye maonyesho ya WESCON huko San Francisco, walitangaza chipu ya 6502 kwa dola 25. Watu walidhani ni utapeli. Waandaaji hawakuruhusu kuuza bidhaa ukumbini, basi MOS wakakodi chumba hotelini na kuweka mtungi wa kioo uliojaa chipu. Unapanga foleni, unalipa, unapewa yako. Peddle alikuja kusimulia baadaye kwamba zile za chini ya mtungi hazikuwa zikifanya kazi, ziliwekwa tu ili mtungi uonekane umejaa na watu waamini kwamba zinatengenezwa kwa wingi. Hapana kusema zaidi, Nairobi tunaijua hiyo mbinu.

Motorola walishtaki, na mwaka uliofuata kesi ikamalizwa kwa MOS kulipa dola 200,000. Lakini bei ilikuwa imeshaanguka na haikurudi juu. Mmoja wa walionunua 6502 ni Steve Wozniak, kijana wa Hewlett-Packard aliyekuwa akienda mikutano ya Homebrew Computer Club, iliyoanza Machi 1975 kwenye gereji ya Menlo Park. Alikuwa anachora kompyuta kwenye karatasi kwa muda mrefu akikosa chipu anayoweza kuimudu. Ukiona hivyo, gereji inapungua uzito kwenye hii stori. Gereji zilikuwepo kila wakati, kilichokosekana ilikuwa chipu ya bei ya jeans.

Kuanzia hapo mambo yanaenda haraka. Mwaka 1977 zilitoka tatu kwa pamoja: Apple II ya Wozniak na Steve Jobs kwa dola 1,298, PET ya Commodore kwa dola 795, na TRS-80 ya maduka ya Radio Shack kwa dola 599.95 pamoja na skrini. Hizi unatoa kwenye boksi, unaziwasha, zinafanya kazi. Mbili kati ya hizo zilikuwa na 6502. Mwaka 1979 Apple II ikapata VisiCalc, mama wa Excel, na wahasibu wakapata sababu ya kumshawishi bosi.

Sasa yule Commodore. Mwenyewe alikuwa Jack Tramiel, Myahudi aliyezaliwa Łódź, Poland, akapita kambi ya Auschwitz akiwa kijana na kutoka hai. Alianza kwa kutengeneza taipureta. Texas Instruments walipombana kwenye vikokotoo alijifunza jambo moja na hakulisahau: kama chipu si yako, bei si yako. Mwaka 1976 aliinunua MOS Technology yote. Kwa hivyo Peddle na 6502 wakawa wake. Commodore 64 ilipotoka mwaka 1982 kwa dola 595, chipu zake kuu zilitoka kiwanda chake mwenyewe. Wapinzani walikuwa wananunua, yeye alikuwa anajipikia.

Kisha akaanza kukata. Dola 595 ikawa 400, ikaja ikawa 200. VIC-20, mdogo wake, ikashuka chini ya dola 100. Nani alikuwa upande wa pili akiuza kompyuta ya nyumbani? Texas Instruments, na TI-99/4A yao. Oktoba 1983 walijiondoa sokoni wakiwa wamepoteza mamia ya mamilioni ya dola. Tramiel mwenyewe hakusherehekea sana, Januari 1984 alikosana na bodi yake akatoka. Lakini Commodore 64 iliendelea, na makadirio ya mauzo yake ni kati ya milioni 12 na 17. Na kama ulilelewa mtaani ukicheza TV game za kaseti za manjano, zile nakala za Nintendo, basi umewahi kuitumia damu ya 6502 bila kujua, kwa sababu Nintendo ya kwanza ilijengwa juu ya chipu ya ukoo huo huo.

Uingereza walifika kwa njia nyingine, na kwangu hiyo ndiyo inayotuhusu zaidi. Mwaka 1978 BBC ilionyesha filamu iliyoonya kwamba chipu zitakula kazi za watu. Hofu ile ile tuliyo nayo na AI, neno kwa neno karibu. Tofauti ni kilichofuata. BBC iliamua kufundisha taifa kompyuta kupitia runinga, na ikatafuta mashine ya kwenda na vipindi. Clive Sinclair tayari alikuwa anauza ndogo za bei poa, ZX81 kwa pauni 69.95 yenye memori ya KB 1, kisha Spectrum ya mwaka 1982 kuanzia pauni 125. Lakini zabuni ilienda kwa kampuni ndogo ya Cambridge, Acorn.

Jinsi walivyoipata ni kichekesho. BBC walikuwa wanakuja kuona mashine baada ya siku chache na mashine haikuwepo. Hermann Hauser, mkubwa wa Acorn, alimpigia Sophie Wilson akamwambia Steve Furber amesema inawezekana kwa wiki moja. Kisha akampigia Furber akamwambia Wilson amesema inawezekana. Wakaikamilisha asubuhi ile ile ya ukaguzi.

BBC Micro, yenye 6502 ndani, ilianza kuuzwa Desemba 1981. Walitarajia kuuza 12,000. Ziliuzwa zaidi ya milioni moja na nusu. Serikali ililipa nusu ya bei kwa shule. Kulikuwa na kipindi cha runinga, kulikuwa na kitabu, na ulipoiwasha ilikuletea skrini nyeusi na alama ya kusubiri uandike amri ya BASIC. Mtoto hakuwa na kitu kingine cha kufanya nayo mpaka aiambie. Wengi waliishia kucheza gemu tu, usidanganyike. Ila hata gemu mara nyingi uliinakili mwenyewe kutoka kurasa za jarida, mstari kwa mstari, na ukikosea herufi moja inagoma, unatafuta kosa. Huko ndiko kulikokuwa darasa.

Wilson na Furber baadaye walitaka chipu bora kuliko 6502 na hawakupata ya kuwaridhisha. Walimtembelea Bill Mensch huko Arizona, wakakuta chipu mpya inaundwa na timu ndogo sana, wakaambiana kama hawa wanaweza, sisi pia. Chipu yao ya kwanza ilifika Aprili 26, 1985 na ikafanya kazi mara moja. Furber alipopima umeme inaotumia, kipimo kilisoma sifuri. Kumbe waya wa umeme haukuwa umeunganishwa, chipu ilikuwa inaishi kwa mabaki yaliyopenya kutoka kwenye vifaa jirani. Chipu hiyo iliitwa ARM. Hivi sasa iko kwenye karibu kila simu janja duniani, na kwenye kabambe nyingi pia. Iko kwenye yako.

Kwa hivyo tunazo. Wakenya mamilioni wanatembea na mjukuu wa mradi wa shule za Uingereza. Ila simu yako ukiiwasha haikuulizi unataka iambiwe nini. Inakuonyesha maduka. Na kama uliichukua kwa mpango wa kulipa kidogo kidogo, ukikosa siku kadhaa inafungwa kutoka mbali hadi ulipe. Naelewa hesabu ya anayekopesha, bila hiyo wengi wasingekuwa na simu janja kabisa. Lakini hiyo ni kompyuta yenye bosi mwingine. Wapo vijana wanaojifunza kuprogramu kwenye simu hivyo hivyo, kwa kidole gumba, na nawavulia kofia, ila wanapigana na kifaa ambacho hakikuundwa kwa kazi hiyo.

Sisi pia tulikuwa na BBC Micro yetu. Jubilee iliahidi laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza mwaka 2013, zikageuka kuwa tableti, ugavi ukaanza mwaka 2016 na zaidi ya vifaa milioni moja vikafika shuleni. Milioni moja ni nyingi, ni karibu sawa na za Uingereza. Lakini zilikuja zikiwa na masomo yameshapakiwa, ya kusoma na kubonyeza. Hapakuwa na kipindi cha jioni ambacho mzazi na mtoto wangefuata pamoja, wala kitabu cha kuwaambia mwalimu na mwanafunzi jinsi ya kuiamrisha. Nyingi ziliripotiwa zikiwa zimefungiwa kwenye makabati. Kosa halikuwa pesa, pesa zilitumika. Mtaala wa kuprogramu uliidhinishwa na KICD mwaka 2022, miaka sita baada ya vifaa. Uingereza walianza na somo, mashine ikafuata.

Kwenye AI tuko upande gani? Mei 2024 Microsoft na G42 ya Abu Dhabi walitangaza mpango wa dola bilioni moja ambao kiini chake kilikuwa kituo cha data Olkaria, ambacho kingetumia mvuke wetu. Ni habari njema kwa Olkaria, lakini kituo cha data ni IBM ya 1965 ikiwa na anwani ya Naivasha. Bado utakodi. Kinachofanana zaidi na mtungi wa Peddle ni zile modeli zinazotolewa wazi, kama Llama ya Meta, au R1 ambayo DeepSeek ya Uchina iliachilia Januari 2025. Matoleo yake madogo unayapakua mara moja na yanaendeshwa kwenye laptopu ya kawaida bila intaneti, bila mita, bila mtu kujua umeuliza nini. Ni wazito wa kuelewa ukilinganisha na zile kubwa. Altair nayo ilikuwa sanduku la taa.

Shida inayokuja ni ya bei, tena. Mwishoni mwa 2025 vituo vya data vya AI vilinunua memori kwa kasi iliyopandisha bei kwa kila mtu. Micron ilitangaza Desemba kwamba inaachana na Crucial, jina ambalo sisi wa kawaida tulikuwa tunalinunua dukani. Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyozaliwa Cambridge mwaka 2012 kwa dola 35 kwa makusudi ya kurudisha enzi za BBC Micro, nayo ilibidi ipandishe bei kwa sababu hiyo hiyo. Mwelekeo wa miaka 50 unasukumwa kurudi nyuma, na anayesukuma ni yule yule anayetaka kukukodishia.

Kama uko kwenye soko la laptopu ex-UK pale Luthuli mwezi huu, usibabaishwe na kibandiko cha i7. Uliza ina memori ngapi na kama nafasi ya kuongeza ipo au imechomelewa kwenye bodi. GB 8 itaendesha modeli ndogo kwa shida, GB 16 itaendesha bila kelele. Na ukipata ya GB 16 kwa bei ya mwaka juzi, usingoje mwisho wa mwezi.